Tupeane uzoefu: vitenzi vya “up”, “off” na “out”, na vishazi vya “who” na “which”, vilikusumbua wapi?

Mama wa Chake
Assalaam alaykum. Jana usiku nilikuwa nikimsimamia mwanangu wa kidato cha pili kazi aliyopewa skuli, nikaona ameandika “The book which I read it is good.” Mwalimu ameikata “it” kwa wino mwekundu bila ya kueleza sababu, na mtoto ananiuliza kwa nini. Nimekumbuka kwamba hata sisi tulikatwa mahali hapo hapo na hatukuelezwa. Aliyepita njia hii naomba atueleze lilimsumbua nini na alitokaje.

Mwalimu wa Wete
Bibi, mwanao amekifuata Kiswahili chake kwa uaminifu. Sisi husema “kitabu ambacho nilikisoma”, na ile “ki” ya pili ni kitabu chenyewe kikitajwa tena ndani ya kitenzi. Kiingereza kikishasema “which” huhesabu kwamba kitabu kimeshatajwa, hivyo hakitaki “it” tena. Kwa njia hiyo hiyo watoto huandika “the man who his house” kwa kufuata “mtu ambaye nyumba yake”, wakati kazi hiyo ina neno lake, “whose”. Mimi huwataka waandike kwanza sentensi mbili, “The book is good” na “I read it”, kisha waifute “it” kwa mkono wao wenyewe, waweke “which” kabla ya “I”, na kishazi chote wakiingize mara baada ya “book”. Mtoto aliyeifuta mwenyewe hachelewi kuikumbuka, kuliko aliyefutiwa.

Muongozaji wa Jozani
Ni kweli kabisa. Kima punju kwetu sisi ni “ambaye”, basi utawasikia vijana wakisema “the monkey who” kutwa nzima. Wageni wanaelewa, lakini kwenye karatasi ya mtihani andikeni “which” au “that”.

Baharia wa Nungwi
Nyinyi mnazungumzia wino, na mimi nimekumbuka jambo lililotokea baharini. Tulikuwa tumewapeleka wageni Mnemba kuogelea kwenye matumbawe, na mkondo ulikuwa umeanza kuvuta kuelekea nje. Mgeni mmoja, mtu mzima, alikuwa ameachwa nyuma na wenzake, akanyanyua kichwa na kuita, “My arms are giving out!” Kwenye mashua alikuwapo kijana aliyetoka skuli na matokeo mazuri, ambaye ndiye tuliyemtegemea kwa Kiingereza. Kijana yule alijua “give out” ni kugawa, kwa sababu ndivyo alivyosikia darasani mwalimu anapogawa karatasi. Akatugeukia na kusema kwamba mgeni anasema anagawa kitu. Tukamtazama mgeni mikononi, hana kitu. Akaita tena maneno yale yale, na safari hii sauti ilikuwa imepungua na maji yalikuwa yakimfika mdomoni. Nahodha wetu, mzee wa Tumbatu asiyezungumza Kiingereza, hakungoja tafsiri. Alilitupa boya lenye kamba, likaangukia karibu na bega la yule bwana, akalikumbatia kwa kifua kwa sababu vidole vyake havikuweza tena kushika. Tulipomvuta juu mikono yake ilikuwa ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Baadaye mwenzake alitufahamisha kwamba “give out” ni pia kuishiwa nguvu, na kwamba injini nayo husemwa hivyo. Kijana yule alikaa kimya mpaka pwani. Mimi sikumlaumu na silaumu mpaka leo, kwa sababu maana aliyofundishwa ilikuwa sahihi, isipokuwa haikuwa peke yake.

Dada wa Makunduchi
Nimesisimka mwili mzima. Alhamdulillahi aliokoka.

Mkaazi wa Malindi
Kisa hiki kinaonesha wazi kwamba kukariri orodha hakufai kitu. Nahodha hakusoma vitenzi hivyo na ndiye aliyeokoa roho. Ichomeni moto orodha, vijana wakajifunze kwa kuzungumza na wageni Forodhani.

Mwalimu wa Wete
Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe. Nahodha aliusoma uso wa mtu, na uso hauonekani katika barua ya kazi, katika simu wala katika redio ya mashua. Orodha haina kosa. Kosa ni kumpa mtoto kila kitenzi na maana moja.

Mkaazi wa Malindi
Mwalimu, mtoto wa Micheweni atazikariri maana nne za “put off”, kuahirisha na nyenginezo, na hatakutana na yeyote wa kumwambia hata moja. Nasema hivyo kwa kuwa nawaonea huruma.

Mtandika vitanda, Paje
Nyote mna haki yenu. Hotelini niliambiwa “turn down” ni kupunguza sauti ya redio, kisha nikasikia ni kukataa ombi la mtu, na kumbe katika kazi yetu ni kuingia chumbani jioni, kukunja shuka pembeni na kufunga mapazia. Kilichonisaidia ni kulichukulia kila moja kama “piga” yetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, na hakuna aliyewahi kutukalisha kutufundisha kwamba hapo hapana kipigo. Nilikuwa nikiandika kitenzi pamoja na chumba au mtu aliyekitamka.

Fundi wa Mkoani
Mimi nasema kinyume: chukueni “up” peke yake kwa wiki nzima. “Eat up”, “use up”, “finish up”, zote zina maana ya kumaliza kabisa.

Dada wa Makunduchi
Na “give up”, kukata tamaa, je? Na “look up”, kutafuta neno kwenye kamusi?

Mwalimu wa Wete
Ndiyo sababu namuomba Fundi asiwape wanafunzi kanuni hiyo bila ya tahadhari. Lililo imara zaidi ni mahali pa kiwakilishi: husema “put it off”, wala si “put off it”, lakini “look after him”, kumtunza, haitenganishwi.

Muongozaji wa Jozani
Mwalimu, na mkato? Katika maombi ya kazi niliandika “My brother, who lives in Pemba”, nikaambiwa inaonesha nina ndugu mmoja tu, nami ninao wengi.

Mwalimu wa Wete
Walikwambia sawa. Ukiwa nao wengi, ondoa mikato yote miwili, ili “who lives in Pemba” ioneshe ni yupi kati yao. Ukiwa naye mmoja, ibakishe mikato, na hapo usitumie “that” badala ya “who”.