Nitajuaje ubora wa rangi za uchoraji kabla ya kuzinunua?

MchoraMilango (Tanga):
Salaam wanajukwaa. Mimi huchora kwa rangi za mafuta juu ya turubai, hasa milango ya kale na akina mama waliovaa kanga. Mteja wangu mmoja amenirudishia picha aliyoitundika mkabala na dirisha, na wekundu wa kanga umepauka ukabaki kama kivuli cha waridi, ilhali buluu ya mlango na kahawia ya ukuta hazijabadilika hata kidogo. Rangi zote hizo zilitoka katika seti moja ya bei nafuu. Sasa dukani nimeona tyubu mbili za kampuni moja: moja imeandikwa Cadmium Red, nyingine Cadmium Red Hue, na ya kwanza inauzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya pili ingawa kwa macho zinafanana. Je, nikilipa zaidi nitakuwa nimelipia nini hasa?

Brashi_Kavu:
Ndugu, umelipia pigimenti, yaani ule unga unaotia rangi. Kila rangi ya uchoraji ina unga huo pamoja na kitu cha kuushika: mafuta ya kitani katika rangi za mafuta, gundi ya mgunga katika rangi za maji, na plastiki iliyosambazwa majini katika akriliki. Ukiona rangi za mafuta na za maji zenye jina moja, mara nyingi unga ni uleule. Kilichobadilika ni kishikizo.

Geuza tyubu uangalie nyuma. Mtengenezaji makini huandika namba ya pigimenti, kwa mfano PR108, ambayo ni nyekundu halisi ya kadimiamu, au PB29, ambayo ni buluu ya ultramarini. Jina kubwa la mbele lisikushughulishe sana, kwa sababu kila kampuni hujichagulia, lakini namba ni ileile dunia nzima. Tyubu ya Hue inaiga mwonekano wa kadimiamu kwa pigimenti nyingine, na hilo peke yake si udanganyifu: ukikuta ndani mna PR254, umepata nyekundu inayohimili mwanga vizuri sana. Zipo tyubu nyingine zenye pigimenti dhaifu, na zipo zisizoandikwa namba kabisa. Hizo za mwisho mimi siziingizi kwenye kazi ya kuuza.

Tafuta pia daraja la kuhimili mwanga. Kwa kipimo cha ASTM, shirika la viwango lililoanzia Marekani, I ni bora kabisa, II ni nzuri, na kuanzia III kwenda chini usizitumie katika picha ambayo mtu atakaa nayo miaka.

Mama_Turubai (Mombasa):
Naafikiana na aliyetangulia, ila nisingependa mwenzetu aondoke akidhani kwamba kila rangi ghali ni bora. Bei hupanda kwa sababu ya gharama ya pigimenti, ndiyo maana kampuni nyingi huzipanga tyubu zao kwa madaraja ya bei. Rangi za udongo kama PBr7 na PY43, pamoja na ultramarini na nyeupe ya titani, PW6, ni za bei nafuu na zinahimili mwanga hata katika seti za wanafunzi. Ndiyo sababu kahawia na buluu zako zimesalimika. Fedha yako itunze kwa ajili ya nyekundu, zambarau na baadhi ya manjano.

Tofauti ya seti za wanafunzi huonekana zaidi katika wingi wa pigimenti. Watengenezaji huongeza chaki na vijazio vingine ili tyubu ijae. Jaribio langu ni hili: nachukua sehemu moja ya buluu na sehemu kumi za nyeupe, nazichanganya vizuri kwa kisu cha rangi, kisha nafanya vivyo hivyo kwa tyubu ya pili nikitumia nyeupe ileile. Yenye pigimenti nyingi itabaki buluu ya kueleweka. Yenye vijazio itakuwa nyeupe yenye uchafu wa buluu. Ukihesabu kwa nguvu ya rangi badala ya ujazo wa tyubu, mara nyingine ile ghali ndiyo iliyo rahisi.

Angalia na nyeupe yako pia. Tyubu nyingi zilizoandikwa Titanium White zina PW4 ndani yake, yaani zinki, ambayo katika rangi za mafuta hulifanya tabaka liwe gumu na kukatika miaka inavyokwenda.

MchoraMilango:
Ahsanteni sana. Nimeitafuta tyubu ya nyekundu niliyoichorea ile kanga, na nyuma, kwa herufi ndogo mno, imeandikwa PR83. Nauliza pia: wachoraji wa Tingatinga hutumia rangi za kung'aa za baiskeli na nyumba, mbona picha zao zinapendwa hivyo?

Brashi_Kavu:
PR83 ni alizarini, iliyoundwa kwa kemia huko Ujerumani mwaka 1868, na inajulikana kwa kupauka, hasa ikipakwa kwa wepesi au ikichanganywa na nyeupe, kama bila shaka ulivyofanya kwenye mikunjo ya kanga. Badala yake tafuta PV19, pigimenti ya wekundu wa waridi iitwayo kwinakridoni. Hata Van Gogh, yule mchoraji maarufu wa Uholanzi, alipatwa na haya: kuta za picha yake ya chumba cha kulala ya 1888 zilikuwa za zambarau, nyekundu ikachujuka, na leo tunaziona za buluu.

Kuhusu Tingatinga, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi iliyopatikana na kwa bei aliyoimudu, juu ya hadibodi. Rangi hizo hushika vizuri na kung'aa, lakini kopo la dukani halikuambii ndani mna pigimenti gani, kwa hiyo lipime mwenyewe. Paka vipande viwili vya karatasi nzito, kimoja kizito na kimoja kilichochanganywa na nyeupe, funika nusu ya kila kimoja kwa karatasi ya jaribosi, kisha uviache dirishani penye jua kwa miezi kadhaa. Mstari ukionekana ulipofunua, rangi hiyo ibaki kwa mazoezi.

Mama_Turubai (Mombasa):
Na kwa picha ya mteja, vanishi yenye kinga ya jua itapunguza kasi ya kupauka kwa kinachobaki, lakini haiwezi kuurudisha wekundu uliokwisha kuondoka. Ipake kanga upya kwa PV19 na umshauri aiondoe mbele ya dirisha.