Tangi la maji ya bahari hapa Dodoma: je, liko tayari kupokea samaki?

Mkazi wa Ilazo
Habari za leo, ndugu zangu. Baada ya kufuga samaki wa maji baridi kwa miaka minne, nimeandaa tangi la lita 200 la maji ya bahari. Nimelijaza maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosi (inayoondoa chumvi na madini), nikayachanganya na chumvi maalumu ya matangi hadi kipimo kikafika gramu 35 kwa lita, kisha nikaweka mchanga, mawe makavu, pampu na hita. Leo ni siku ya tisa na maji yanang'aa kabisa. Jumamosi ninatarajia kwenda Dar es Salaam kwa treni ya SGR kuchukua wale samaki wadogo wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wanaoishi kwenye anemoni (viumbe laini wa baharini wenye minyiri), pamoja na kipande cha tumbawe. Je, tangi liko tayari? Na je, ingekuwa heri nibebe maji ya bahari yenyewe kwa madumu?

Mfugaji wa Kisasa
Ndugu yangu, nakusihi uahirishe safari hiyo. Maji kung'aa hakuonyeshi lolote, kwa sababu amonia, sumu inayotokana na taka za samaki na chakula kinachooza, haina rangi. Kinachohitajika ni bakteria wa kutosha kwenye mawe na mchanga, wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitreti ambayo madhara yake ni madogo. Kwa kawaida kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Tafadhali pima vyote vitatu utuambie.

Mkazi wa Ilazo
Ahsante sana. Nimepima jioni hii: amonia sifuri, nitriti sifuri, nitreti sifuri. Nilidhani hiyo ni habari njema.

Mfugaji wa Kisasa
Sifuri tatu katika tangi lisilo na samaki zina maana kwamba kazi haijaanza, kwa kuwa bakteria hao hawajapewa chakula. Tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kifike miligramu 2 kwa lita, au weka chakula kidogo cha samaki kioze humo, kisha uendelee kupima. Siku utakapotia kiasi hicho cha amonia, na baada ya saa 24 ukakuta amonia na nitriti zote ni sifuri huku nitreti ikiwa imepanda, badilisha sehemu ya maji ili kuipunguza, ndipo ukate tiketi. Mimi niliharakisha tangi langu la kwanza, nikapoteza samaki watatu ndani ya wiki moja, na bado jambo hilo linaniuma, kwa kuwa viumbe wale hawakuwa na kosa lolote.

Mama wa Nkuhungu
Naomba niongezee kuhusu maji, maana hapa kwetu ndipo penye shida. Umefanya vyema kutumia maji ya osmosi, kwani maji yetu ya visima ni magumu, yaani yana madini mengi, na ya bomba huweza kuwa na klorini. Maji ya bahari ya kwenye madumu siyashauri: yakichotwa karibu na mji huja na uchafu, na hutaweza kuyafuata kila unapohitaji kubadilisha maji. Jambo kubwa zaidi ni ukavu wa hewa yetu. Maji hupaa lakini chumvi hubaki, hivyo tangi lako likipungua lita 10 tu, gramu 35 zinakaribia 37. Chora mstari kwenye kioo, na kila siku ujazie hadi hapo kwa maji ya osmosi yasiyo na chumvi. Watu wengi hujazia maji yenye chumvi na kuyaharibu kabisa. Hita nayo usiizime mwezi wa sita na wa saba, kwani usiku wetu huwa wa baridi, ilhali samaki hawa wanahitaji nyuzi 25 au 26.

Mkazi wa Ilazo
Nimeelewa, Mama. Nimeahirisha safari. Wakati ukifika, niwaingizeje samaki?

Mfugaji wa Kisasa
Mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Wakiwa wamesafiri saa nyingi, usiuache wazi muda mrefu: ndani yake kaboni dayoksaidi imeshusha pH, yaani imeongeza asidi majini, na kuipunguza makali amonia iliyojikusanya, lakini ukifungua, pH hupanda na amonia hugeuka sumu kali. Mwombe muuzaji akutajie kiwango chake cha chumvi mapema ili ukilinganishe katika tangi dogo la karantini (la kuwatenga kwanza), uwahamishie humo kwa wavu bila maji ya mfuko, na wakae wiki nne. Dawa ya shaba, ya kutibu vimelea, ikihitajika, itumike humo peke yake, kwa kuwa huua matumbawe.

Mama wa Nkuhungu
Na tumbawe lisubiri miezi kadhaa, mpaka chumvi, joto na kalsiamu vitulie. Ukilinunua, hakikisha ni kipande kilichokuzwa tangini na muuzaji ana kibali. Miamba ya visiwa vya Bongoyo na Mbudya, karibu na Dar es Salaam, ni hifadhi za bahari, na kinachovunjwa kule huchukua miaka mingi kuota tena.

Mkazi wa Ilazo
Nimetia amonia usiku huu. Kipimo kinasoma miligramu 2. Nitaleta matokeo kila Jumapili.