Kompyuta haizimi, na fundi kila siku ni "tupige Windows"!

Wakuu, nimechoka na nina hasira.

Hii kompyuta nimeiunga mwenyewe: prosesa ya Ryzen 5 5600G, RAM ya GB 16, SSD ya NVMe, vyote vipya. Mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vyote, nilinunua duka moja hapa Kariakoo, risiti ninayo na garantii ninayo. Inapiga kazi kutwa nzima haikwami. Balaa ni kuzima. Kioo kinakuwa cheusi, lakini feni zinaendelea kuzunguka, taa za kwenye mazabodi zinawaka, Caps Lock ukibonyeza haijibu. Nenda kale, rudi, utaikuta vilevile, mpaka ushikilie kitufe cha kuwashia kama sekunde nne ndipo ikate. Mimi nahariri video za harusi za watu. Faili la mteja likiharibika kwa kukata umeme namna hiyo, nani atamwelewesha?

Dukani fundi hakufungua hata keisi. "Hiyo ni Windows, tupige upya." Akapiga, akachukua hela yake, kufika nyumbani ikaganda palepale. Nikarudi, wimbo uleule. Kupima hawapimi, kuuliza hawaulizi!

Kazi yao nimeifanya mimi. Nilianza na Fast Startup, kile kipengele kilichokuja na Windows 8 mwaka 2012. Kikiwa kimewashwa, ukizima kompyuta haizimi yote, inahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili iwake haraka baadaye, na kinasumbua mashine nyingi wakati wa kuzima, kwa hiyo yeyote mwenye shida kama yangu aanzie hapo. Nimekiondoa kwa amri ya powercfg /h off. Wapi. Nikasasisha BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, nikairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, nikachomoa vya USB vyote nikabaki na kibodi na kipanya, nikaacha RAM kipande kimoja. Wapi!

Ndipo nikang'oa SSD yenyewe, nikawasha Ubuntu, mfumo mwingine kabisa badala ya Windows, kutoka kwenye flashi. Hapo hakuna Windows hata chembe. Nikazima: kioo cheusi, feni zinazunguka. Video nimewaonyesha, wakanijibu eti Ubuntu nayo ina matatizo yake.

Nikaazima pawa saplai ya rafiki, hali ileile. Na kwenye ATX, mpangilio wa kawaida wa kompyuta za mezani, pawa saplai haijiamulii: mazabodi ndiyo inayoshusha volti ya ule waya wa kijani wa kuwashia ili umeme utoke, na ndiyo inayouachia ili ukate. Mifumo miwili tofauti, pawa saplai mbili tofauti, mazabodi ni ileile. Wanataka ushahidi gani zaidi?

Sasa wamegeuka, garantii haifanyi kazi kwa sababu "umeunga mwenyewe". Mazabodi inauzwa peke yake ili iungwe! Kwenye risiti hakuna palipoandikwa lazima nifungiwe na fundi wao.

Ninachodai ni kidogo: wachukue mazabodi nyingine ya AM4, yaani yenye soketi ya prosesa yangu, hapo dukani, waifunge mbele yangu, tuzime, tuone. Wakikataa naenda Tume ya Ushindani, FCC, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda na mlaji pia. Aliyewahi kupeleka malalamiko huko kuhusu garantii aniambie alianzia dirisha gani na alibeba karatasi zipi.