Naomba ushauri: nani ameandika vizuri maisha ya Chuck Berry?

Wanajamvi habari zenu, wakubwa shikamooni.

Nimemaliza kitabu cha maisha ya Chuck Berry, yule mwanamuziki wa rock and roll wa Marekani, kile cha mwaka 1987 alichokiandika kwa mkono wake bila kuandikiwa na mtu. Kimenikaa moyoni, hasa pale kwenye wimbo wake "Maybellene" wa 1955: yeye ndiye mtunzi, lakini mtangazaji wa redio Alan Freed naye akawekwa kama mtunzi mwenza na kula mgawo. Inauma kusoma.

Nilipokwama ni kwa Johnnie Johnson, mpiga piano wake. Mwaka 2000 alimshtaki Berry akidai walitunga pamoja nyimbo nyingi. 2002 kesi ikatupwa kwa kuwa muda ulikuwa umepita mno. Kitabu kilitoka kabla ya hayo, kwa hiyo nimesikia upande mmoja tu.

Nimezunguka maduka ya vitabu vilivyotumika hapa Dar, nikaambulia vya picha tu.

Naomba kujua: kuna wasifu wa Berry ulioandikwa na mtu wa nje, unaompa Johnson nafasi ya kutosha? Na nakala ya kielektroniki nainunuaje nikiwa Tanzania?

Natanguliza shukrani.