Nimekuwa tarishi wa ofisi tatu kwa sababu ya pikipiki yangu mwenyewe!!

Wakuu salaam. Leo sina salamu ndefu, nimetoka ofisi ya usajili sasa hivi na kichwa kinachemka, kwahiyo mnivumilie nikirukaruka.

Kwa kifupi nilihamia Ulaya nikaja na pikipiki. Sio ya biashara, ni chombo changu nimekiendesha miaka, kadi ina jina langu, risiti za fundi ninazo, nikaona kuliko niiuze kwa bei ya kutupa bora ikae kwenye kontena na vyombo vingine. Na kabla sijapakia nilisoma, sio kwamba nilibeba tu kichwa kichwa. Sheria ya forodha ya Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1186 ya mwaka 2009, inasema mtu anayehama kutoka nje anaingiza mali zake bila ushuru, pikipiki ikiwemo, ilimradi ameishi nje ya Umoja miezi 12 mfululizo na chombo amekitumia angalau miezi 6 kabla ya kuhama. Ukishaingiza hutakiwi kukiuza, kukikodisha wala kumuazima mtu mpaka ipite miezi 12. Mimi sharti hata moja halinipigi chenga. Nikasema hii imeisha hiyo.

Thubutu!

Forodha wenyewe walinipa msamaha, hapo siwalaumu. Ila karani aliyeingiza taarifa kwenye kompyuta akakosea namba ya chasisi, sehemu ya sifuri kaweka herufi O. Sasa sikilizeni hapa kwa makini maana ndo panaponiuma. Namba ya chasisi ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q HAZIRUHUSIWI humo kabisa, zilitolewa makusudi ili watu wasizichanganye na moja na sifuri. Yani hilo kosa lilikuwa haliwezekani kuwa sahihi, hata mfumo ungetakiwa ukatae wenyewe! Nimefika usajili dada wa dirishani akalinganisha karatasi ya forodha na fremu, akasema hii siyo pikipiki moja. Nikamuonyesha namba iliyogongwa kwenye shingo la fremu, nikamuonyesha kadi ya zamani, nikamueleza hiyo habari ya herufi O. Akanisikiliza vizuri tu, akakubali kabisa kwamba ni kosa la kuandika, halafu akasema yeye hawezi kurekebisha, rudi forodha. Forodha wanasema faili limeshafungwa, kulifungua inatakiwa barua kutoka usajili inayosema namba sahihi ni ipi. Usajili wanasema sisi hatuandiki barua kwa pikipiki ambayo haipo kwenye mfumo wetu.

Soma tena hayo maneno taratibu.

Hapo bado COC. Ile ni karatasi ya kiwanda inayosema chombo kilitengenezwa kufuata viwango vya Ulaya, ukiwa nayo usajili unakuwa mteremko. Pikipiki yangu ilitengenezwa kwa soko la nje ya Ulaya, kwahiyo kiwanda hakitoi na hakitatoa hata ukilia, na hilo nilikuwa nalijua. Ndo maana kuna njia ya pili, unapeleka chombo kikakaguliwe peke yake, wanapima moshi, kelele za ekzosi, breki, taa. Sina tatizo na ukaguzi, wapime hata nati. Nilichouliza ni kimoja tu, naipelekaje huko? Barabarani hairuhusiwi bila pleti namba. Namba za muda zipo, ila wanataka bima kwanza. Watu wa bima wanataka namba ya usajili au cheti cha ukaguzi. Cheti cha ukaguzi kinatolewa ukipeleka pikipiki. Nikakodi gari la kuibeba, hela yangu mwenyewe, pikipiki nzima inayowaka kwa kiki moja inabebwa kama mgonjwa.

Na msiniambie haiwezekani kupanga vizuri, maana Ujerumani kampuni ya bima inakupa namba ya uthibitisho kabla chombo hakijasajiliwa, ofisi ya usajili wanaiangalia kwenye kompyuta kazi inaendelea. Ni namba tu jamani. Hawajajenga daraja.

Haya, ukaguzi sasa. Mkaguzi alikuwa mzee mmoja anajua kazi yake, katika safari yote hii huyo ndo mtu pekee niliyemheshimu. Akaniambia taa ya mbele haifai, kwetu tunaendesha kushoto kwahiyo mwanga wa chini unainukia upande wa kushoto, huku wanaendesha kulia na utawapiga machoni wanaokuja mbele yako. Ni kweli kabisa, hata kwenye kioo cha taa kuna kimshale kinachoonyesha taa ni ya upande gani. Nikatafuta taa nyingine, yenye alama ya E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha, E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi na kadhalika. Hiyo ni hoja ya usalama nimeipokea kwa mikono miwili. Spidi mita nayo ilipita, ekzosi ikapita, mzee akagonga mhuri.

Nikarudi usajili na cheti mkononi najiona mshindi. Dada yule yule. Akafungua, akasoma, akaniambia cheti hiki kina namba ya chasisi SAHIHI, karatasi ya forodha ina namba nyingine, haziendani.

Wakuu nilikaa chini pale pale.

Mimi sina ugomvi na sheria. Sheria nimezisoma na nyingi zina akili. Hasira yangu ni kwamba hakuna hata mtu mmoja anayeliona faili zima, kila mmoja anaangalia karatasi yake halafu ananituma mimi kwa mwenzake, na wenyewe wana simu, wana imeili, wana kompyuta zinazosoma mfumo wa serikali moja. Nilimuomba yule dada apige simu forodha mbele yangu, dakika tano tu. Akaniambia hawana utaratibu huo. Utaratibu wa kunizungusha upo, wa kupiga simu haupo!

Halafu kila siku kwenye ile gereji nilipoihifadhi gharama inasoma, na masharti ya msamaha wa ushuru yanasema nisiiuze, kwahiyo kuiendesha siwezi na kuiuza siwezi.

Kuna aliyewahi kurekebishiwa karatasi ya forodha baada ya faili kufungwa? Ulipitia kwa wakala, uliandika malalamiko rasmi kwa wakubwa wao, au ulienda na cheti cha ukaguzi kama ushahidi wa namba? Nataka aliyepitia mwenyewe, sio wa "nadhani". Na wale wa "si ungeuza tu ukanunue nyingine huko huko", nawaomba mpite kimya kimya leo, tutatukanana bure.