Wakuu wa Dodoma, mnyoosha mgongo asajiliwe kwa mtihani au kwa barua ya mtendaji?

Mama Ipagala
Habari zenu wote. Mdogo wangu amerudi kutoka Durban, kasomea kairopraktiki, ile tiba ya mgongo na viungo kwa mikono bila dawa wala kisu. Kakaa chuo zaidi ya miaka mitano, na kule Afrika Kusini huwezi kujiita jina hilo kama baraza lao halijakuandikisha. Sasa anataka kufungua chumba Area C. Ofisi ya kwanza wakamwambia wewe nenda kwa madaktari, kwa madaktari wakamwambia wewe ni tiba mbadala, kufika huko kitu cha kwanza wanataka barua ya mtendaji wa mtaa. Mtendaji anajua nini kuhusu pingili za uti wa mgongo jamani? Mi nasema watu wa kairopraktiki na wa naturopathia, wale wanaotibu kwa lishe, majani na njia za asili, wafanyishwe mtihani wa taifa kabla ya kupewa leseni, maana kwa sasa yeye na vibabu vya kijijini visivyojua hata kuandika jina lao wako foleni moja. Mnasemaje?

Kijana wa Mpwapwa
Mbukwenyi. Mama nakuheshimu ila hapo kwenye "vibabu visivyojua kuandika jina" umenigusa pabaya. Babu yangu mzaa mama alikuwa muunga mifupa, hakuwahi kukanyaga darasa, na mimi nilipodondoka kwenye mti wa ubuyu nikiwa darasa la nne ni yeye aliyenifunga mguu kwa vijiti akanichua asubuhi na jioni wiki sita, leo nacheza mpira. Watu walikuwa wanatoka Kongwa mpaka Gairo kumfuata. Hakuandika jina lake lakini jina lake lilijulikana.

Mama Ipagala
Mwanangu sijamtaja babu yako.

Kijana wa Mpwapwa
Umewataja wote mama, ndo shida yenyewe.

Fundi Chang'ombe
Turudini kwenye mada. Kuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala, ya 2012 kama sikosei, si ndo imeunda Baraza lao? Mama mtihani unaoutaka upo kwenye sheria au unautunga wewe?

Nesi Mstaafu Makole
Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 mwanangu, sio 2012. Na hiyo barua mnaielewa vibaya. Mtendaji hapimi elimu ya mtu, anathibitisha tu kwamba huyu anaishi hapa na watu wanamjua, ili kesho akimuumiza mtu tujue pa kumpata. Baada ya hapo unapita kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri ndo unaenda Baraza. Na kumbukeni kuandikishwa mtu ni kitu kimoja, kituo chake kitu kingine, dawa yake kitu kingine tena. Huyo wa naturopathia akitaka kutoa dawa za majani azipeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali zipimwe. Na mdogo wako Mama Ipagala akitaka kuweka eksirei pale Area C ajue kuna Tume ya Nguvu za Atomiki, mashine ya mionzi haiwekwi tu kama friji.

Mama Ipagala
Asante nesi, lakini umenijibu utaratibu, sijajibiwa kuhusu elimu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kairopraktiki 2005, linataka masaa yasiyopungua 4200 ya mafunzo na 1000 kati ya hayo uwe na mgonjwa chini ya msimamizi. Naturopathia mwongozo wake wa 2010 unasema 1500, kliniki 400. Hivi ni vitu vinavyohesabika. Kwa nini sisi tupime kwa "wanamjua mtaani"?

Boda Nkuhungu
Dada samahani nauliza tu, huyo mdogo wako akifungua kibao kitaandikwa DOKTA?

Mama Ipagala
Kule Durban wanaitwa Dokta na wamestahili.

Boda Nkuhungu
Ahaa nilijua tu!! Mi mama yangu alitibiwa na "Dokta" mmoja miaka minne akiamini ni daktari wa hospitali, kumbe ana cheti cha semina. Hela ya mbuzi watatu imeenda pale. Mtu wa kijijini akiona Dokta kwenye kibao hajui kama ni wa kairopraktiki au wa kilimo, yeye anajua ni yule wa Hospitali ya Mkoa. Mimi mtihani sina shida nao, hilo jina ndo sitaki.

Mwalimu Kisasa
Kwa hiyo mtu mwenye shahada ya uzamivu ya historia pale UDOM naye aache kuitwa Dokta?

Boda Nkuhungu
Wa historia hanishiki shingo mwalimu.

Fundi Chang'ombe
Hapo boda kaongea. Dokta ni wa hospitali basi, wengine waitwe wataalamu.

Mwalimu Kisasa
Na mimi niwape historia kidogo. Hii kairopraktiki ilianzishwa 1895 Davenport, Iowa, Marekani, na bwana mmoja D. D. Palmer ambaye hakusomea udaktari popote, zamani alikuwa muuza duka. Mgonjwa wake wa kwanza Harvey Lillard alikuwa mfagizi kwenye jengo alikofanyia kazi Palmer, naye Palmer akadai kamrudishia usikivu kwa kumsukuma pingili ya mgongo. 1906 Palmer huyohuyo akafungwa jela kwa kutibu bila leseni. Jimbo la kwanza kuwapa sheria yao lilikuwa Kansas 1913, la mwisho Louisiana 1974. Yani wenyewe walibishana miaka sitini. Mtihani wa taifa wanao sasa hivi, ila ulikuja baadaye sana.

Kijana wa Mpwapwa
Kumbe mwanzilishi alikuwa muuza duka!! Sasa huyo na babu yangu wametofautiana nini? Mmoja alipata chuo cha kuandika alichojua, mwingine kafa nacho. Mama Ipagala soma hapo.

Mama Ipagala
Nimesoma. Na wametofautiana kwamba wanafunzi wa huyo leo wanafundishwa ni nani WASIMGUSE. Hilo ndo linaloniuma na wote mnaliruka.

Nesi Mstaafu Makole
Hapa niko na wewe asilimia mia. Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mtu anakuja na mgongo unauma miezi, homa za jioni, anatoka jasho usiku, amekonda, na ameshachuliwa mara tano sehemu tofauti. Ukimpima ni kifua kikuu, kimekula pingili. Ule mgongo ukiusukuma unaweza kumpoozesha miguu. Wazee wa kiume wengine ni saratani ya tezi dume imesambaa mpaka kwenye mifupa, wao wanajua wamelala vibaya. Na shingo kuishtua kwa nguvu mpaka iseme ka! inaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo ukapata kiharusi. Hutokea mara chache, lakini aliyepatwa hana mara chache. Mtihani ukiwepo mimi ningeuliza hayo matatu tu.

Kijana wa Mpwapwa
Shikamoo mama nesi. Babu alikuwa akikuta mfupa umetoka nje ya ngozi hagusi, anasema huyu pelekeni misheni. Hakuandika popote lakini alijua. Sasa huo mtihani wenu mkiuleta kwa Kiingereza na karatasi mtawafuta watu kama yeye wote, na watakaobaki ni wenye hela ya kwenda Durban.

Mama Ipagala
Hapo sawa, na lile neno la vibabu nimekosea mwanangu, unisamehe, marehemu apumzike. Lakini mtihani siuachi. Uwe kwa Kiswahili, wa mikono, mzee aletewe mgonjwa aseme huyu namgusa na huyu simgusi na kwa nini. Na mdogo wangu aketi mtihani huohuo, asionyeshwe huruma kwa sababu ya shahada.

Boda Nkuhungu
Na kibao je?

Mama Ipagala
Kibao kiandikwe kazi yake, Mtaalamu wa Kairopraktiki. Nitamwambia. Atanuna lakini nitamwambia.

Fundi Chang'ombe
Nani sasa atawasimamia huo mtihani wa mikono, madaktari au waganga? Maana madaktari watawafelisha wote na waganga watapitisha ndugu zao.

Mwalimu Kisasa
Wakae wote meza moja.

Fundi Chang'ombe
Mwalimu hao meza moja hawajawahi kukaa hata msibani.

Muuza Zabibu Bihawana
Samahani nimechelewa, nimesoma mpaka mwisho. Mume wangu mgongo una miezi minne sasa, anachuliwa na mzee mmoja huku kila Jumamosi, anapata nafuu siku mbili unarudi. Kwa sasa mkanda wa suruali umeongezwa matundu mawili. Mpwapwa kwa babu yako kuna mjukuu aliyerithi kazi?

Kijana wa Mpwapwa
Yupo mjomba, nitak

Kijana wa Mpwapwa
Ilikatika. Yupo mjomba, ila dada kwa hilo la mkanda subiri mama nesi aseme kwanza.

Nesi Mstaafu Makole
Dada, uchuaji usimame leo. Kesho asubuhi mpeleke hospitali, apimwe makohozi na apigwe eksirei ya mgongo na kifua, uwaambie hiyo miezi minne na huko kukonda. Usiku anatoka jasho?

Muuza Zabibu Bihawana
Shuka nabadilisha kila siku mama.