Celica mpya inakuja: uliyewahi kuishika ya zamani huku milimani, tupeane uzoefu

Mwana wa Kawetere (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Tangu Novemba 2024, Hiroki Nakajima, makamu mtendaji wa rais wa Toyota, aliposema kule Rally Japan kwamba Celica wanaitengeneza, mimi sijatulia. Gari iliyozaliwa 1970, ikafika kizazi cha saba, ikasitishwa 2006, leo inarudi. Picha nilizoziona zikizunguka kwenye simu ni za kuchorwa na wapenzi. Moja ina taa nyembamba kama wembe, nyingine wameibandika pua ya Prius, nyingine ina mkia mkubwa mpaka unajiuliza buti inafungukaje. Kila mmoja anachora anachokitamani.

Naona sisi wa huku tuna la kusema. Celica zilizopo Mbeya, Iringa na Njombe ni za kuhesabu, lakini zipo, na zimepita miteremko ya Kitonga, Mlima Nyoka na Isyonje. Aliyeishi na gari ya chini kwenye baridi, ukungu na matuta anajua umbo lipi ni la kupigia picha na lipi ni la kutembelea. Kama umewahi kuimiliki, kuiendesha au hata kupewa lifti, tupe kisa chako, halafu sema mpya ungependa iweje.

Naanza na mimi. Yangu ni ya 1996, kizazi cha sita, ile ya macho manne, yaani taa nne za mviringo mbele, injini 3S-FE. Nilinunua kwa mwalimu mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya aliyekuwa anahamia Dodoma. Mwezi wa nne mwaka juzi nilitoka Tukuyu saa mbili usiku. Kupandisha kutoka Kiwira, ukungu ukashuka wote kwa mara moja. Nikawasha full, mbele kukawa ukuta mweupe. Nikazima, nikabaki na zile taa mbili za nje, zile kubwa, nikafungua kioo ili nisikie malori kabla sijayaona. Baridi ikaingia mpaka vidole vikawa vizito kwenye usukani. Pale Isyonje akina mama wa viazi walikuwa wameshafunika magunia kwa turubai, na tochi ya mmoja wao ndiyo iliyonionyesha ukingo wa lami unaishia wapi. Kutoka hapo hadi Uyole nilitumia karibu saa nzima.

Ndiyo maana naomba mpya irudi na macho manne. Najua taa nyembamba ndizo za kisasa, ila mwanga mweupe mkali uliowekwa juu ya bampa kwenye ukungu unakurudia machoni. Watuwekee jozi moja chini, yenye mwanga wa njano, iwe sehemu ya sura ya gari tangu kwenye karatasi ya mchoraji. Karibuni.

Fundi Mwanjelwa

Mkuu, kwenye taa umenena. Mimi naanzia kwenye boneti.

Nililetewa GT-Four ST185 kutoka Tunduma. Ile ni Celica yenye turbo, magurudumu yote manne yanavuta, injini 3S-GTE. Mwenyewe analalamika: asubuhi gari inaruka, ikishapata moto ukaipandisha Mlima Nyoka inakuwa nzito kama imebeba mahindi. Walishabadilisha plagi, pampu ya mafuta, wamesafisha nozeli, wapi. Nikaitazama ile boneti siku nzima, kuna kitu hakinikai sawa. Jioni jua likiwa limelala nikainama, nikaona kivuli cha mraba chini ya rangi. Iligongwa zamani, na mpiga rangi aliyeitengeneza alilifunga tundu la boneti kwa faiba na puti, akalipiga msasa likawa laini kabisa. Boneti ilipendeza kwelikweli. Ila ST185 ile intakula yake, yaani kile kipoza hewa ya turbo, imekaa juu ya injini, na hewa yake inapita kwenye lile tundu. Ameizibia pua. Nikaigusa intakula ikaniunguza.

Tukakata, tukaweka wavu, nikaenda na mwenyewe mpaka juu ya Mlima Nyoka bila kupumzika. Alinyamaza njia nzima, tulipofika juu akazima gari, akanishika mkono.

Kwa hiyo mnaochora: tundu la boneti lisiwe la urembo. Siku hizi naona magari yana matundu ya plastiki, ukigusa ndani kumezibwa. Na hapa kwetu turbo si anasa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Turbo inaisukuma hewa hiyo ndani kwa nguvu, upungufu huusikii sana. Mpya wasipoiwekea turbo, au umeme wa kuisaidia, kule Dar itakuwa sport, ikifika Uyole ni gari ya kawaida.

Dada wa Ipogolo (Iringa)

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Kamwene.

Mimi nilikuwa na ya kizazi cha saba, ya 2001, rangi ya fedha, otomatiki, injini 1ZZ-FE. Uzuri wake ni kwamba injini hiyohiyo ipo kwenye Wish na Allion za 1.8, spea hazikunipa shida hata siku moja. Wakati nainunua watu waliniambia nitajuta kwa spea, naomba wanaoogopa walijue hilo.

Kisa changu ni Kitonga. Nilikuwa nashuka kwenda Dar kwa mara ya kwanza mimi mwenyewe kwenye usukani, kaka yangu kalala pembeni. Mbele yangu semi mbili, nyuma yangu basi. Nikawa naishikilia kwa breki tu, gia iko D. Kona ya tatu, ya nne, nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua, na pedali ikaanza kwenda chini zaidi ya nilivyoizoea. Kaka akaamka kwa ile harufu. Hakupiga kelele. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, akarudisha gia mpaka 2, akasema, "Acha injini ndiyo ishike, dada. Wewe gusa, achia. Gusa, achia." Injini ikanguruma, gari ikatulia. Tulipofika Ruaha Mbuyuni tukasimama, rimu zilikuwa za moto mpaka maji ya kunawa yaliyodondokea yakachemka.

Toka siku hiyo naamini gari ya sport ya milimani iwe na gia za mkono, au otomatiki yake iwe na namna rahisi na ya wazi ya kushusha gia, siyo mpaka utafute kwenye skrini.

Na kuna jambo wanaume hamlisemi. Nguzo za kioo cha mbele. Zile za kizazi cha saba zimelala sana, kona za Kitonga za kulia nguzo inalificha lori zima. Ilinibidi nisogeze kichwa mbele kila kona kama kuku anayedonoa. Michoro yote ninayoiona kioo kimelala zaidi ya hapo. Nguzo ziwe nyembamba, na kioo cha ubavuni kishuke chini. Mimi ni mfupi, nataka kuona ukingo wa barabara.

Mbao Mafinga

Mimi nasubiri MR2 tu, ile Toyota ya injini katikati. Mkishamaliza na Celica mnishtue.

Mzee wa Makambako

Vijana wangu, nimesoma nikafurahi. Mimi sikuwahi kuwa nalo, lakini nililiwekea mafuta.

Mwaka 1987 nilikuwa kijana wa pampu hapa Makambako, njia panda ya Songea. Wakati huo redio ndiyo ilikuwa kila kitu, na Pasaka ilikuwa ni Safari Rally ya Kenya. Celica Twin Cam Turbo ilishinda 1984 na Björn Waldegård, 1985 na Juha Kankkunen, 1986 Waldegård tena. Mara tatu mfululizo, na lilikuwa gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kipindi ambacho Ulaya walishahamia kwenye magurudumu manne. Sisi tulikuwa tunayataja majina hayo bila kujua sura zao.

Sasa mchana mmoja likaingia Celica jeupe, la kawaida, la daktari wa misheni aliyekuwa anakwenda Peramiho. Vumbi lilikuwa limejaa mpaka kwenye bawaba za milango. Aliponipa ufunguo wa tangi nikaufuta kwanza kwenye shati langu. Nilijaza polepole kuliko siku zote ili nipate kulitazama. Nilichokikumbuka mpaka leo ni kimo chake. Halikuwa refu, lakini halikuwa limejibandika chini kama haya ya sasa. Mguu wangu uliingia chini ya bampa bila kugusa.

Baadaye ikaja GT-Four: Waldegård 1990, Carlos Sainz 1992, na 1993 Kankkunen akaongoza Celica nne zikashika nafasi nne za mwanzo. Wanaosema mbele ya watoto kwamba gari la mbio ni lazima litambae chini, wakumbusheni hayo. Jina lenyewe ni la Kilatini, maana yake ni la mbinguni. Waliinue kidogo.

Kijana wa Tukuyu

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya ufunguo imenigusa sana, ndaga fijo, asante sana.

Mimi naendesha Altezza, Celica nimeikalia mara moja tu. Ila nafuatilia kila kinachotoka. Kwa ninavyounganisha, macho yaende kwenye injini mpya ya Toyota ya lita 2.0 yenye turbo, G20E. Januari 2025 kwenye Tokyo Auto Salon waliifunga kwenye GR Yaris M Concept, tena katikati ya gari, nyuma ya viti. Hapo watu wakagawanyika. Wengine wanasema hiyo ni njia ya kurudisha MR2, Mbao Mafinga utafurahi, na Celica itabaki na injini mbele na magurudumu manne kama GR Yaris. Mimi niko upande huo. Tena kanuni mpya za WRC, mashindano ya rali ya dunia, zinaanza 2027, na jina la Celica bila rali ni kama ugali bila mboga.

Kuna wanaosema itakuwa haibridi, yaani injini pamoja na umeme, kama Honda Prelude iliyorudi 2025. Sipingi. Mteremko wa kutoka Isyonje kuja Kiwira ungechaji betri bure kila siku, na breki zingepumzika. Dada wa Ipogolo, hiyo ingekufaa kule Kitonga.

Kwenye umbo naogopa kitu kimoja: wasitupe Corolla yenye milango miwili. Ubavu wa kizazi cha sita una ile misuli juu ya tairi la nyuma, ukiosha gari unausikia kwa mkono hata ukifumba macho. Wauache.

Parachichi Njombe

Habari zenu wadau. Nimecheka niliposoma buti inafungukaje, maana mimi ndiyo mtu wa buti.

Nina kizazi cha saba, ile mlango wa nyuma unainuka pamoja na kioo chake. Laza viti vya nyuma uone. Nabeba kreti sita za parachichi kutoka shambani mpaka kwa mnunuzi, naziweka blanketi katikati zisichubuane. Watu wa mizani wananishangaa, gari ya sport inashusha kreti. Mvua ikinyesha parachichi zangu ziko kavu, wenye pikapu wanahangaika na turubai.

Naomba wachoraji wasitoe huo mlango. Wakiweka kibuti kidogo cha kufungua kama bahasha, mimi wamenipoteza.

Kimo nacho nakubaliana na mzee. Yangu nilipima kwa rula ya mwanangu, kutoka lami hadi chini ya bampa ilikuwa sentimita 14. Tuta la kwanza tu la kuingia kijijini liling'oa klipu zote za kinga ya chini. Nikaongeza spesa juu ya springi, sentimita tatu, nikapita. Ila usiongeze zaidi ya hapo bila kurudisha alaimenti, tairi zangu mbili za mbele ziliisha upande mmoja ndani ya miezi miwili.

Dada wa Ipogolo (Iringa)

@Kijana wa Tukuyu hilo la kuchaji mteremkoni sikuwa nimelifikiria. Kama ni hivyo, haibridi naikubali, lakini nguzo zangu nyembamba ziko palepale.

Fundi Mwanjelwa

Parachichi, spesa umeweka za chuma au za mpira? Za mpira angalia kila ukibadilisha oil, zinapasuka kwa baridi ya Njombe.

Mwana wa Kawetere, hiyo ya macho manne nina ombi. Kuna kijana hapa gereji anachora vizuri, anataka kuchora Celica mpya kwa haya mliyoyasema: tundu la kweli, taa ya njano chini, nguzo nyembamba, mlango wa nyuma mzima, sentimita 17 chini ya bampa. Anachokosa ni vipimo vya sura ya kizazi cha sita, hajawahi kuiona kwa karibu.

Mwana wa Kawetere (Mbeya)

Jumamosi saa nne nakuletea, mkuu. Mwambie aje na futi kamba. Bampa tutaitoa, apime taa zote nne kutoka kwenye vikombe vyake, na ule msuli wa nyuma aushike kwa mkono kwanza kabla hajashika penseli.